Aliyetoka Mwisho Ndani ya Dagoba: Maisha ya Fundi Mutubanda wa Mailapatwewa, 1943–2022

Waheshimiwa watawa, ndugu wa damu na wa ndoa, majirani wa Mailapatwewa, nanyi mliotoka mbali: maneno haya yameandikwa kwa idhini ya familia yote isipokuwa mtu mmoja aliyepinga, na pingamizi lake limeandikwa humu pia. Anayesoma ni mtoto wa dada wa marehemu.

Tangu Alhamisi watu wengi wamepita sebuleni. Wengi walisimama mbele ya jeneza, wakakunja mikono, wakaenda kuketi chini ya turubai. Baadhi, na tuliwaona, walikunja mikono huku macho yakitembea kwenye vigae vya sakafu, yakapanda darini, yakaishia kwenye mlango wa chumba cha ndani. Mmoja aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole akidhani tumeinamia maua. Hatumtaji. Tutasimulia maisha ya mtu huyu yote, pamoja na lile mlilokuja kulitafuta ukutani.

Herath Mudiyanselage Mutubanda alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 hapa hapa Mailapatwewa, wilaya ya Anuradhapura, katika nyumba ya udongo iliyokuwa chini ya tuta la bwawa. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Kiribanda, mkulima wa mpunga, na Mama Dingirimenika, aliyesifika kwa kusuka mikeka. Mnajimu aliyemwandikia nyota zake alisema mtoto huyu atashika dhahabu asiyoinunua. Wazazi walifurahi, wakampa mnajimu yule kikapu cha mchele. Miaka hamsini baadaye kijiji kililikumbuka neno hilo, na hakuna aliyelifurahia tena.

Alianza masomo mwaka 1949 katika shule ya hekalu, akaendelea katika shule ya serikali ng'ambo ya bwawa hadi mwaka 1957. Hakuwa mwanafunzi wa kukumbukwa kwa hesabu wala kwa mashairi. Alikumbukwa kwa kugonga. Aligonga madawati, aligonga mitungi, aligonga nguzo, halafu akatega sikio. Siku moja mwalimu wake alimkuta ameegemeza shavu kwenye ukuta wa darasa.

"Mutubanda, ukuta unakuambia nini?"

"Unasema una uwazi ndani, mwalimu."

"Basi uambie unyamaze, na wewe ukae."

Mvua za Desemba zilipokuja, kipande cha ukuta ule kilianguka. Hakikumwumiza mtu. Aliyechapwa alikuwa Mutubanda, maana ilionekana kwamba aliyejua kabla lazima ndiye aliyesukuma. Marehemu aliisimulia habari hii mara nyingi, akicheka, lakini hakuisimulia kama kichekesho.

Mwaka 1961 alijiunga na kikosi cha waashi waliokuwa wakitengeneza zile dagoba, kuba za kale za matofali, za Anuradhapura. Nyote mmezizunguka mkiwa na maua mikononi. Yeye alizijua kwa tumbo, kwa kulala juu ya jukwaa la mianzi akikwangua majani yaliyoota kati ya matofali. Alijifunza kuchanganya chokaa na mchanga na utomvu wa matunda, na kulaza tofali juu ya tofali kwa chokaa nyembamba kama utando wa maziwa, vile walivyofanya watu wa zamani. Alituonyesha, tulipokuwa watoto, tofali la kale lenye alama ya kidole cha mtu aliyelifinyanga. "Mfalme ana jina lake kwenye jiwe," alisema. "Huyu ana kidole tu." Kuanzia mwaka 1972 alifanya kazi Polonnaruwa, kisha kwenye ngazi za Mihintale, kisha popote palipokuwa na kuba iliyobomoka na hekalu lenye nia ya kuisimamisha.

Alikuwa mtu wa kushuku, na tunasema hivyo kwa heshima. Hakuna tofali aliloliweka bila kuligonga na kulisikiliza. Tofali lisilolia vizuri alilitupa, hata kama aliyelitoa sadaka alikuwa amesimama hapo na mkewe na wapiga picha. Hilo halikumwongezea marafiki.

Tarehe 9 Mei 1968 alimwoa Leelawathi, binti wa Mzee Appuhamy wa kijiji kimoja karibu na Medawachchiya. Inasemekana alipokwenda kumwona binti kwa mara ya kwanza, alipokewa kwa chai na kiribath, wali wa tui la nazi, akaketi, akasahau adabu, akagonga ukuta uliokuwa nyuma yake. Mzee Appuhamy akamwuliza kama amekuja kuoa au kununua nyumba. Binti aliyekuwa nyuma ya pazia alicheka kwa sauti, na kwa kicheko hicho mambo yakawa yameisha. Walijaliwa watoto wawili: Nandasiri mwaka 1970 na Sriyalatha mwaka 1974.

Sasa tufike kwenye dagoba yetu.

Wale walio chini ya umri wa miaka arobaini hawakuiona ilivyokuwa. Nyuma ya hekalu letu palikuwa na kilima cha matofali kilichoota miti, na utosini mwake palikuwa na shimo walilolichimba wezi wa hazina siku za mababu zetu. Mtawa Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Sumanasara, ndiye aliyeamua kwamba kilima kile kitarudi kuwa dagoba, nyeupe, yenye masalio matakatifu ndani yake. Alimwita Mutubanda kutoka Polonnaruwa awe fundi mkuu. Kazi ilianza mwaka 1991. Kila nyumba ilipitisha matofali, mkono kwa mkono, kutoka barabarani hadi jukwaani. Kufikia Juni 1993 duara la chini lilikuwa limesimama, na katikati yake chumba cha masalio kilikuwa tayari: kisima cha mraba kilichopangwa kwa mawe, na bamba la jiwe limening'inia juu yake kwa kamba, likingoja.

Siku ya kuweka masalio ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Juni 1993. Mnajimu alikuwa ametoa saa njema ya kulishusha bamba, na saa njema, kama mnavyojua, haimsubiri mtu. Watu walipanga foleni kutoka langoni mwa hekalu. Kila mmoja alileta kitu cha kuzikwa na masalio: sanamu ndogo, jiwe la thamani, pete, hereni, kidani cha bibi yake. Mbele walisimama waliochangia zaidi. Nyuma walisimama waliochangia walichokuwa nacho. Akaja mheshimiwa mmoja kutoka mjini, akachelewa, akahutubia, akateremka shimoni kupigwa picha akiweka zawadi yake. Wa mbele nao wakataka picha. Jua likapanda.

Foleni ya nyuma ikaambiwa iweke zawadi zake katika bakuli moja la shaba, ili ziingie pamoja kwa haraka. Wakaweka. Bakuli likapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, na kila aliyeligusa akasema sadhu, neno la kubariki. Ngoma zikalia, baragumu likalia, bamba likashuka. Kila mtu wa foleni ya nyuma alirudi nyumbani akiamini kwamba alichokitoa kimelala na masalio.

Wa mwisho kutoka shimoni alikuwa Mutubanda, aliyebaki na Mtawa Mkuu kuziba kingo za bamba kwa chokaa. Alipotoka, jua lilikuwa limekwisha kupita utosini. Alikuwa amebeba kitu cha mviringo kilichofunikwa kwa taulo. Pale juu, kwenye ukingo, alikuwa amekaa Bibi Ukkuamma, ambaye leo yupo hapa, na ambaye wakati huo alikuwa mama wa makamo mwenye macho makali kuliko ya mtu yeyote kijijini. Katika bakuli lile alikuwa ameweka hereni za marehemu mama yake.

"Fundi, umebeba nini?"

"Wali wangu," alisema Mutubanda.

Hapo ndipo alipojimaliza. Wote walioshughulika na chumba siku ile walikuwa wamevaa nyeupe na kushika nadhiri nane asubuhi. Mtu aliyeshika nadhiri hizo hali chochote jua likishapita utosini. Hata mtoto analijua hilo.

"Wali?" alisema Ukkuamma. "Saa hizi? Wewe uliyeshika nadhiri?"

Mutubanda aliondoka na taulo lake. Na kama angesema uongo mwingine wowote, kwamba ni vifaa, kwamba ni chokaa, angelala salama miaka yote iliyofuata. Alisema wali.

Maneno yalianza kesho yake kwenye kisima. Wiki ya pili yalikuwa dukani. Mheshimiwa Sumanasara, ambaye peke yake ndiye angeweza kusema kilichotokea shimoni, alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo mwezi Oktoba mwaka ule ule. Wapo waliosema hata kifo hicho kina mkono wa mtu. Marehemu aliendelea kujenga. Dagoba ilipanda mstari kwa mstari, ikavimba, ikafunga bega, ikavalishwa kilele mwaka 1995. Chumba cha masalio kilikuwa sasa chini ya kilima kizima cha matofali. Hapakuwa tena na namna ya kujua. Kuvunja dagoba ili kumchunguza mtu ni dhambi ambayo hata adui zake hawakuitaka. Kwa hiyo wakabaki na kitu kitamu kuliko uhakika.

Katika kutembea kwetu nje ya nchi tumesikia watu wakishukiana kwa lugha nyingi, bandarini, sokoni, kwenye foleni za mipaka. Huko watu hushuku, hupekua, hukuta au hukosa, wakaendelea na safari. Hapa kwetu shaka ilijengewa kuba na kupakwa chokaa.

Aliponunua baiskeli, watu walisema ni hereni zile. Nandasiri alipofaulu mtihani, ilikuwa kidani. Mwaka 2009 Sriyalatha, aliyekuwa akifanya kazi Kuwait, aliwawekea wazazi wake vigae hivi mnavyovikanyaga, na jirani mmoja alisimama mlangoni akasema, "Ngoja nivue ndala, nisije nikakanyaga pete ya shangazi yangu." Kila mwaka kabla ya sikukuu ya Vesak, dagoba inapopakwa chokaa upya, marehemu alipanda kwa hiari yake na ndoo na brashi. Vijana walikaa chini wakiimba, "Fundi anakagua benki!" Alipaka chokaa. Hakuna hekalu lingine lililomwita tena kufunga chumba cha masalio. Alijenga visima, mabirika, milango ya kupitishia maji ya bwawa, na kuta za nyumba zenu nyingi, ambazo zimesimama.

Mwaka 1997 familia moja nzuri kutoka Kekirawa ilileta posa kwa Sriyalatha. Nyota zilipatana, na siku ikapangwa. Halafu mshenga akarudi peke yake, akakataa hata kuketi.

"Wanasema kijana ameghairi."

"Ameghairi au ameghairiwa?" aliuliza Mama Leelawathi.

"Mama, mimi nabeba maneno tu. Wanasema hawawezi kupokea bibi harusi mwenye dhahabu iliyotoka kwa Buddha."

Mama Leelawathi alimgeukia mumewe, aliyekuwa barazani akinoa mwiko wake wa uashi. "Baba Nandasiri, umesikia? Sema kitu!"

Marehemu aliendelea kunoa. Sriyalatha aliondoka nchini mwaka uliofuata. Aliolewa mwaka 2011 na Bwana Chandrapala wa Kurunegala, ambaye alipoambiwa habari za dagoba alisema yeye ni fundi umeme na hapendi masuala ya matofali. Tunamshukuru.

Msidhani kwamba ndani ya nyumba palikuwa na imani. Mama Leelawathi ameruhusu tuandike yafuatayo, na amesema tuyaandike bila kuyalainisha. Siku moja mwaka 1998 mumewe alipokuwa kazini, alifunga mlango, akabomoa jiko, akachimba chini yake hadi akakuta udongo mwekundu ambao haujawahi kuguswa na mtu. Hakukuta kitu. Marehemu aliporudi alikuta jiko limejengwa upya, kombo. Aliligonga. Alilisikiliza. Akasema, "Hili halitafika masika," akalivunja akalijenga tena, na hakuuliza lolote. Mama anasema kutouliza kwake kulimtia shaka zaidi kuliko shimo tupu.

Mwaka 2014 mvua kubwa ilileta ufa kwenye bega la dagoba. Kamati ya hekalu ikakaa. Wapo waliopendekeza, kwa sauti ya huruma sana, kwamba labda maji yameingia chumbani, na labda ni wajibu kuchimba njia ndogo kwenda kuangalia. Marehemu, aliyekuwa hasemi mkutanoni, alisimama.

"Ufa uko juu juu. Nitauziba mimi."

"Hakuna anayesema huwezi," alijibu mwenyekiti. "Tunasema tuangalie tu. Kuangalia kuna ubaya gani, fundi? Au kuna kitu hutaki kionekane?"

"Mkifungua pale," alisema marehemu, "mtanizika siku hiyo hiyo."

Mkutano mzima ulimsikia. Waliokuwa na shaka walitoka pale na uhakika. Ufa aliuziba, kwa mikono yake, na hauonekani.

Mwaka 2016 aligundulika na ugonjwa wa figo, huu unaotumaliza sisi watu wa mkoa huu, wakulima na waashi na wachimba visima. Kwa miaka sita alikwenda Anuradhapura kusafishwa damu, kwanza kwa basi, baadaye kwa pikipiki ya magurudumu matatu ya mkwewe. Hakulalamika, isipokuwa kuhusu ukuta wa wodi, ambao alisema una uwazi ndani. Mwezi Agosti mwaka huu aliomba asirudishwe tena hospitali. Alilazwa barazani, kwenye kitanda cha kamba, mahali anapoona kilele cha dagoba.

Hapo ndipo alipokuja Bibi Ukkuamma. Ilikuwa asubuhi ya tarehe 20 Septemba. Hakuwa amekanyaga ua huu tangu mwaka 1993. Alikataa kiti, alikataa tambuu, alikataa chai. Waliokuwepo ni Mama Leelawathi na msomaji huyu, na mazungumzo yalikuwa hivi.

"Mutubanda. Wewe unakufa."

"Naona habari zimekufikia, dada."

"Na mimi sina muda. Nipe hereni za mama yangu. Sitakuuliza zilikaa wapi, sitamwambia mtu. Nipe tu, nife nazo."

"Siwezi kukupa."

"Umeziuza?"

"Hazikuingia chumbani, dada." Alipumzika. Kila sentensi ilimgharimu. "Bakuli lilifika mikononi mwangu bamba likiwa limeshuka. Saa ilikuwa imepita. Kulinyanyua tena bamba hakukuwezekana, ungeona msiba gani siku ile? Mtawa Mkuu akaniambia, lifunike. Akaniambia, hawa ndio waliotoa cha mwisho walichokuwa nacho, wakijua zimebaki nje watavunjika. Wajengee humo humo."

"Humo wapi?"

"Ukutani. Nilizijenga ndani ya dagoba, ilipokuwa ikipanda. Moja hapa, moja pale, katikati ya chokaa, kazini, mchana, mbele yenu nyote. Nani humwangalia fundi anapopaka chokaa? Mtawa alitaka kuwatangazia siku ya kilele. Akafa."

Bibi Ukkuamma alicheka kicheko kikavu. "Mtawa amekufa. Bamba limefunikwa. Ukuta hauna mdomo. Umeipanga vizuri, fundi! Miaka yote hii umekaa unaitunga, na hiyo ndiyo uliyoileta?"

"Ningeitunga, ningeitunga mapema," alisema marehemu. "Mimi uongo siuwezi, dada. Nilijaribu mara moja, nikasema wali."

Mama Leelawathi, aliyekuwa ameshika birika, aliliweka chini. "Na mimi je? Mimi mkeo? Binti yako akikataliwa, mimi nikichimba jiko kama mwizi nyumbani mwangu, wewe unanoa mwiko?"

"Ningekuambia, ungenitetea. Ungesimama kisimani ukawaambia, ziko ukutani! Na kesho yake pangebaki ukuta?" Akafumba macho. "Kila mtu angekuja na patasi kutafuta ya bibi yake. Na ya bibi wa jirani."

"Ndiyo maana ukakataa wafungue chumba," alisema mama polepole.

"Wangefungua, wangekuta bakuli halimo. Ningekuwa mwizi kwa ushahidi."

Bibi Ukkuamma alikuwa bado amesimama. Macho yake hayakuwa yamelainika hata kidogo, na tunaandika hivyo kwa sababu tulikuwepo. "Maneno," alisema. "Nataka kitu cha kushika."

Marehemu akamwita kwa mkono. Bibi akainama, sikio karibu na mdomo wake. Alimnong'oneza kwa muda mfupi. Hatukusikia. Tulipomwuliza marehemu baadaye zilipo nyingine, alisema hilo lilikuwa deni la mtu mmoja mmoja, na wengi wao wamekwisha kufa, na walio hai hawajaja kuuliza uso kwa uso.

Bibi Ukkuamma alitoka bila kuaga. Jioni ile ile alionekana kwenye dagoba. Hakuizunguka kama watu wanavyozunguka. Alikwenda moja kwa moja upande mmoja, akaweka kiganja ukutani, akakaa hivyo mpaka walinzi wa hekalu wakaanza kutazamana. Kesho yake akaenda tena. Ni juu yake kueleza kama alihisi kitu. Ukutani haionekani alama yoyote, na hakuna aliyemwona na patasi.

Herath Mudiyanselage Mutubanda alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 13 Oktoba 2022, barazani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Mkewe alikuwa ameshika mkono wake. Neno lake la mwisho lilikuwa la kuomba maji, na alipewa.

Familia ilikaa kuamua kama haya yasomwe. Nandasiri alipinga, na tuliahidi kuandika sababu yake. "Baba alinyamaza akiwa na mdomo," alisema. "Nyinyi mnataka kumsemea akiwa ndani ya sanduku. Na mnawajua watu hawa. Kesho kutwa dagoba itakuwa na matundu kama nyumba ya nyigu." Dada yake Sriyalatha alimjibu: "Kaka, wewe jina la baba umelibeba kwenye vyeti. Mimi nimelibeba kwenye posa." Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema yasomwe, ila mahali pasitajwe.

Hatuna ushahidi. Tunawapa neno la mtu aliyekuwa akifa, na tunajua neno kama hilo lina uzito gani kwa mtu aliyekwisha kuamua. Hatuwaombi mumwamini. Wenye mpango wa kwenda na patasi tunawaarifu kwamba Mtawa Mkuu wa sasa amesomewa maneno haya kabla yenu, na kwamba mafundi wa kusimamisha dagoba ni wachache, ila wa kuwatambua wabomoaji ni kijiji kizima, na kwa kazi hiyo tunakiamini kabisa kijiji hiki.

Jana mchana, jeneza likiwa wazi, mwenyekiti wa kamati alimsogelea Bibi Ukkuamma mbele ya watu wote. Habari za mnong'ono zilikuwa zimeshavuja. Tunamshuku mwuza maziwa.

"Bibi, wanasema fundi alikuambia kitu kabla hajafa. Alikuambia ziko wapi?"

Hata waliokuwa wakicheza karata chini ya turubai waliweka karata chini. Kwa miaka ishirini na tisa mama huyu ndiye aliyekuwa shahidi wa kijiji, na kijiji kilikuwa kinangoja ushahidi wake.

"Alikuwa na homa," alisema Bibi Ukkuamma. "Alipayuka tu. Sikuelewa hata neno."

"Mbona wamekuona pale ukutani?"

"Nina miguu mibovu. Nilikuwa nimeegemea."

"Kila siku? Pale pale?"

"Pale pale," alisema, akamtazama usoni, akaenda kuketi na wanawake wa familia, kwenye mkeka, akapokea tambuu.

Baadaye tulimfuata kumwuliza kama atatupa ruhusa ya kuandika kwamba anaamini. Alikataa. Alisema tuandike kwamba alikuja, basi. Tumeandika pia alichomjibu mwenyekiti, bila ruhusa yake, kwa sababu mlikuwepo mkasikia, na kwa sababu tuliona macho yenu yakiondoka kwenye jeneza, yakamhamia yeye.

Marehemu ameacha mjane, Mama Leelawathi, mwana mmoja, Nandasiri, na mkewe Kusumalatha, binti mmoja, Sriyalatha, na mumewe Chandrapala, wajukuu wanne, Isuru, Hasini, Nethmi na Dulaj, dada yake mdogo, Mama Tikirimenika, wapwa wengi, na Bibi Ukkuamma, ambaye si ndugu yetu kwa damu wala kwa ndoa, na ambaye kuanzia leo mtamwangalia yeye anaponunua chochote dukani. Mwangalieni kwa adabu.

Safari yake katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa iwe fupi, na aifikie amani ya Nirvana.